Salama Tu, Alisema Lisiate

Mei 13, Jumatatu

Leo nimefungua sanduku la vanila la mdogo wangu Lisiate. Ni wiki saba tangu tumzike. Sikulifungua mapema kwa sababu nilijua harufu yake itanijia usoni, na kweli ilikuja, vanila na yale mafuta ya nazi aliyojipaka shingoni, nikakaa sakafuni kwanza. Ndani mlikuwa na blanketi la kijivu, uzi wa kufungia, kijiti cha kupimia urefu alichokichonga kwa mti wa mpera, na chini kabisa kitambaa kilichofungwa fundo. Kwenye kitambaa vidonge vyeupe, vingi. Nadhani alikuwa akiweka akiba, maana dawa za kisukari hukawia kufika huku kwetu Vava'u, visiwa vya kaskazini mwa Tonga, miezi ya vimbunga. Alipenda kuweka akiba. Nimevirudisha mahali pake.

Daftari hili nalo ni lake. Kurasa tatu za mwanzo aliandika majina ya nyimbo za kwaya, kisha akaacha. Mimi naanza ya nne.

Mei 14

Jua. Nimeanika blanketi.

Mei 17, Ijumaa

Maka ameleta vikapu vitatu vya vanila kutoka shambani. Ncha za maganda zimeanza kuwa njano, ndio wakati wake. Maka ni mtoto wa baba yangu mdogo, na kwetu huyo ni kaka sawa na wa tumbo moja, kwa hiyo aliviweka kwenye ngazi, akakohoa ili nijue, akaondoka. Aliyeingia ni mkewe Vea, na nyuma yake mtoto wao Hamoni amembeba dada yake Fusi mgongoni, kama kila mwaka.

Kabla ya kufungwa kwenye blanketi, vanila huchovywa katika maji ya moto. Yakizidi moto imeharibika, yakipungua itaoza. Kazi hiyo ilikuwa ya Lisiate.

"Wifi, hayo maji vipi?" Vea akasema. "Unachovya vanila au unachemsha magimbi?"

"Lisiate alikuwa anaweka kidole."

"Basi weka kidole."

"Nimeshaweka."

"Kidole chako kimezoea sufuria, hicho si kipimo. Fusi aweke."

Fusi aliweka kidole, akakitoa mbio, akacheka kile kicheko chake kinachoanzia kifuani. Tukapunguza kuni.

Fusi ana miaka ishirini na sita. Alizaliwa mwili wake umekaza, na maneno yake hutoka polepole, yanavutana, hata sisi tuliomwona akikua hatuyashiki yote. Hamoni peke yake huyashika yote. Lakini mikono hiyohiyo inayotetemeka ikishika ganda la vanila inatulia. Lisiate ndiye aliyeligundua hilo. Misimu minne walikaa wawili mlangoni kwake, mdogo wangu na mguu wake mmoja na macho yaliyofifishwa na kisukari, Fusi kwenye mto wake, wakipanga maganda kwa urefu na kuwasema watu. Mtu akipita njiani, Fusi alichagua ganda linalofanana naye akaliweka mbele ya Lisiate. Fupi nene alikuwa mchungaji. Lililopinda alikuwa Maka anayerudi kutoka kwenye kava, kileo chetu cha mizizi. Vicheko vyao nilivisikia jikoni. Nikitoka na sahani, vinakatika.

Mei 18

Zimegeuka kahawia. Fusi alipima vizuri.

Mei 21, Jumanne

Asubuhi naanika, alasiri nafunga zikiwa bado na joto. Ndiyo kazi ya wiki hizi zote. Vea alisema blanketi moja halitoshi, nikaenda kutoa la kwangu. Tulipoyaweka pamoja akashangaa.

"Mbona yanafanana? Hata mstari mwekundu umekatikia palepale."

Yalikuwa moja. Tulilala chini yake mimi na Lisiate mpaka nilipofika miaka kumi na minne, yeye kumi na miwili. Siku hiyo bibi alichukua mkasi, akalikata katikati, akampa Lisiate nusu yake na kumwonyesha nyumba ya wavulana kule nyuma. Hakulia. Aliuliza tu nani atamkuna mgongo. Bibi akamwambia, "Ukuta." Tangu siku hiyo hatukulala tena chini ya paa moja. Hatukutazama filamu pamoja, hatukutaniana, wala sikumsikia akitaja mwili wake mbele yangu. Ndivyo kaka na dada wanavyoheshimiana kwetu, na sikuwahi kuona ni jambo gumu.

Kwenye msiba nilikaa upande wa kichwa chake siku mbili, mahali pa dada. Nilimtazama uso kwa muda mrefu kuliko wakati wowote tangu lile blanketi likatwe. Ana kovu dogo chini ya kidevu. Sijui alilipata wapi.

Mei 26, Jumapili

Jua kali kutwa, na hakuna anayeruhusiwa kuanika chochote. Vanila imekaa gizani nasi tumekaa kanisani. Kwaya iliacha nafasi ya Lisiate wazi, kati ya Maka na ukuta.

Mei 28

Nimepakua sahani mbili. Moja nimeirudisha sufuriani.

Juni 1, Jumamosi

Nimekumbuka kijiko. Miaka tisa, tangu alipokatwa mguu wa kulia, nilimpelekea chakula. Nilisukuma sahani chini ya pazia la mlango wake, pembeni kisosi cha vidonge, nikarudi jikoni. Maka alikuwa akija jioni kumwogesha, maana hiyo si kazi ya dada. Akimaliza kula, Lisiate aligonga kijiko kwenye sahani mara mbili. Mara mbili maana yake nimekula, nimemeza, njoo uchukue.

Leo Hamoni aligonga ndoo akiteka maji nikasimama kabla sijafikiri.

Juni 5, Jumatano

Elenoa amepiga simu kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Ni yule binti wa ofisi ya utafiti aliyekuja mwaka jana na karatasi za maswali, afya ya mwili na afya ya akili ya watu wenye ulemavu, visiwa vyote. Atarudi katikati ya Julai kwa awamu ya pili. Habari ya Lisiate ilikuwa haijamfikia. Nikasikia analia, nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

Baadaye akasema, "Mama Lupe, samahani kuuliza. Mtu akifariki tunauliza familia. Karatasi yake ya mwaka jana tuiache pamoja na nyingine, au tuitoe?"

"Imesema nini?"

"Si unakumbuka? Yote salama."

"Basi iacheni. Kama alisema salama, ni salama."

"Sawa, mama. Vava'u mlifanya vizuri sana. Kijiji chenu chote kilijibu salama. Yule mshauri wa kusikiliza watu tukampeleka visiwa vya Ha'apai, kwenu ilionekana hahitajiki."

Alilisema kama jambo la kufurahia, nami nikalipokea hivyo. Nilikwenda kugeuza vanila nikiwa na moyo mwepesi. Mdogo wangu alikuwa salama. Imeandikwa na iko ofisini.

Juni 6, Alhamisi

Sikulala vizuri. Nilikuwa nairudia ile siku ya Elenoa, sasa naiandika.

Ilikuwa Agosti, vanila imeshafungwa. Karatasi ilitaka mlezi akae karibu na mgonjwa ili asaidie kujibu. Lisiate hakuwa na mke, kwa hiyo mlezi ni mimi. Nikavaa kiunoni mkeka wangu wa heshima, nikaingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu aweke paa jipya, tukakaa mkeka mmoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Elenoa alikuwa katikati na kalamu.

Maswali yalikuwa ishirini na moja. Maumivu ya mwili. Choo. Kama katika wiki mbili zilizopita alijiona mzigo. Kama alitamani asiamke. Kila swali Lisiate alitazama mkeka, mahali uzi ulipoachia, akasema, "Sai pē." Salama tu. Nami niliona haya kwa ajili yake, nikatazama dirishani ili asione kuwa nasikia. Mara ishirini alisema salama tu.

Moja nilijibu mimi. Elenoa aliuliza, "Usiku unalala vizuri?" Lisiate akakawia. Akakawia sana. Nikaona anateseka, nikamsaidia. Nikasema, "Analala vizuri."

Mimi, ambaye sijawahi kuwa nyumbani kwake usiku.

Juni 7

Mawingu kusini. Nimeingiza vanila saa nane.

Juni 12, Jumatano

Mvua siku ya tatu. Nusu ya kwangu ya blanketi imeingia unyevu, nimeyahamishia maganda yote kwenye nusu ya Lisiate. Vea anakausha za kwake jikoni juu ya majivu na kunitukania mawingu.

Fusi amekuja lakini hapangi. Ganda linakaa mkononi mwake. Maka alipita njiani akiwa amepinda kabisa, na Vea akasema, "Fusi, yule nani?" ili amchekeshe, naye hakuinua mkono. Nimemuuliza Hamoni dada yake ana nini.

"Yuko salama tu, Shangazi. Amechoka na mvua."

"Amekwambia?"

"Sikumuuliza. Namjua."

Hamoni ni kijana mwema. Ameacha kwenda New Zealand kuchuma matunda mara mbili kwa ajili ya dada yake, na hajawahi kumtajia. Nilimtazama anavyomfunika miguu bila kumwangalia usoni, nikakumbuka nilivyotazama dirishani.

Juni 13

Mvua.

Juni 14

Mvua. Harufu ya ukungu kwenye sanduku. Nimefuta ganda moja moja kwa kitambaa. Nilimwomba Lisiate anisamehe, kwa sauti. Ni mara ya kwanza kumwambia jambo bila ukuta katikati.

Juni 20, Alhamisi

Jua limerudi. Tulianika mimi na Vea, Fusi yuko ndani hataki kutoka. Nilikuwa namsimulia Vea ile simu, nikasema, angalau karatasi ilisema Lisiate alikuwa salama.

Vea akaendelea kugeuza maganda. Kisha akasema, "Wifi, unataka nikwambie kitu au unataka nikupikie chai?"

"Chai nimekunywa."

"Maka angejua angenikata ulimi. Lakini yeye hawezi kukwambia, na wewe huwezi kumuuliza, mtaheshimiana mpaka mzikane. Mimi mke wa mtu, mdomo wangu hauna mkeka."

"Sema basi."

"Lisiate alikuwa analia akiogeshwa. Si kwa maumivu. Maka anasema alikuwa anaanza tu maji yakimgusa mgongoni, hata haeleweki. Tangu Krismasi ilikuwa kila jioni. Maka akitoka kwake anakwenda kwenye kava moja kwa moja, mimi nikadhani ni ulevi. Siku moja akaniambia, 'Leo amesema anamchosha Lupe. Amesema dada yake ameolewa na sahani.'"

Mume wangu alifariki zamani, na tangu hapo kweli nimekuwa wa jikoni. Lakini sikuchoka. Hakuna siku nilichoka. Ningemwambia hivyo kwa maneno mawili, nimesimama nje ya pazia.

"Kwa nini Maka hakumwambia mtu?" nikauliza.

"Amwambie nani? Mtu wa kuambiwa alikuwa wewe."

Jioni

Nimetoa kile kitambaa kwenye sanduku, nimekileta penye taa. Vidonge vya akiba huwa kwenye paketi zake kutoka zahanati. Hivi viko wazi. Vimeshikana. Vingine vina rangi ya tui la nazi upande mmoja, na kimoja kimegandwa na kipande cha jani la gimbi, lile ninalofungia nyama Jumapili.

Vilitoka kwenye kisosi changu. Alikuwa anakula, anavifunga, halafu anagonga mara mbili.

Na mimi nilikuwa nakwenda kuchukua sahani, nikifurahi kuwa ni tupu.

Juni 21

Jua. Sikuanika.

Juni 23, Jumapili

Sikwenda kanisani. Vea alikuja na chakula, akakisukuma ndani ya mlango akakaa nje kwenye ngazi. Baada ya muda akasema, "Gonga basi, nijue." Nilicheka huku nalia. Sikugonga. Nilimwita ndani tukala.

Juni 25, Jumanne

Asubuhi nimekuta pweza kwenye ngazi, amesafishwa na kufungwa kwenye jani la mgomba. Maka alikuwa ameshafika njiani, anatembea wima. Hakugeuka, nami sikumwita. Lakini nilisimama pale mpaka akapotea kwenye kona, na nadhani alijua.

Julai 2, Jumanne

Nyangumi wamefika. Nimewasikia wakipumua kule mlangoni mwa ghuba nilipokuwa nafua. Lisiate alipokuwa na miaka minane aliamini kuwa wanapiga chafya, na kila walipopumua alisema, "Afya," kwa adabu, kama anavyoambiwa mgeni. Nimesema kwa niaba yake.

Vanila sasa iko kivulini, haihitaji jua tena. Imekuwa nyeusi na laini, inajikunja kwenye kidole. Zilizopata ukungu ni chache kuliko nilivyoogopa. Leo Fusi amepanga kidogo, lakini kama mashine, hacheki. Nilimuuliza, nikijaribu tu kumfungua, katika ule mchezo wenu mimi nilikuwa ganda lipi?

Alisema neno refu. Hamoni akasikiliza, akatabasamu.

"Anasema hukuwa na ganda. Anasema yeye alikuchagulia moja mara moja, Baba Lisiate akalitoa. Akamwambia dada hachezewi."

Nilikwenda jikoni nikakaa na hilo.

Nilitaka nimuulize Fusi mwenyewe kama anatamani asiamke. Kisha nikajua atakachojibu. Mimi ni shangazi yake, mbele yangu hata miguu hainyooshi. Na Hamoni ni kaka yake. Tumemzunguka kwa heshima pande zote, hana pa kupitishia neno.

Julai 9

Siku njema, upepo baridi. Nimeanza kuhesabu siku zilizobaki Elenoa afike.

Julai 17, Jumatano

Elenoa alifika saa nne. Amenenepa kidogo, amevaa nyeusi kwa ajili ya Lisiate, na alinishika mikono yote miwili. Fusi alikuwa nyumbani kwangu, kwenye mkeka, kati ya mafungu ya vanila. Hamoni alikaa kulia kwake kama mwaka jana, mikono magotini. Vea na Maka walikuwa nje.

Elenoa akafungua karatasi. Nikamwambia, "Ngoja, mwanangu. Nani anapaswa kukaa hapa?"

"Mlezi, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Wewe mama yako ni wa Ha'apai, mila zetu unazijua. Una kaka?"

"Ninao wawili."

"Ungejibu maswali haya mbele yao?"

Aliinamisha macho. Akasema taratibu kuwa mwaka jana alilifikiria hilo, lakini karatasi ilitengenezwa na watu wakubwa kuliko yeye, akaona haya kuwaambia.

"Hamoni," nikasema, "mimi na wewe tunatoka nje."

"Shangazi, nani atamwelewa? Mimi ndiye mdomo wake."

"Najua."

"Atamwambia nini huyu? Atasikia sauti tu. Ataandika uongo."

Alikuwa hajawahi kubishana nami. Niliona si ubishi, ni hofu kwamba nimemwona ni mbaya. Ikabidi niseme. Sikutaka kusema mbele ya Fusi wala mbele ya mgeni, lakini kama nisingesema angekaa palepale, na Fusi angesema salama tu.

"Mwaka jana nilikaa alipokaa kaka yangu kama wewe unavyokaa hapo. Akaulizwa kama analala vizuri, akakawia, nikajibu mimi. Nilisema analala vizuri. Kwa nia njema, Hamoni. Hakuwa analala. Hakuwa anameza dawa. Alikuwa anazificha kwenye sanduku hilo unaloliegemea. Nilimpenda, na kwa sababu nilikuwa hapo hakuweza kusema."

Hamoni aliondoa mgongo kwenye sanduku polepole.

Fusi ndiye aliyemaliza. Alinyoosha mkono kwenye vanila, akachukua ganda fupi akaliweka mbele ya Elenoa. Akachukua la kati, akaliweka pembeni yake. Akachukua refu. Alifanya hivyo bila kutetemeka. Kisha akamtazama kaka yake, akasema neno moja ambalo hata mimi nililielewa.

"Toka."

Nilimweleza Elenoa, Fusi akikubali kwa kichwa. Fupi ni hapana, la kati ni mara nyingine, refu ni kila siku. Yeye asome swali, Fusi aweke ganda. Elenoa akarudia kwa kidole, fupi, kati, refu, akasema sawa.

Tulikaa kwenye ngazi, Hamoni na mimi, yeye ngazi ya chini kama inavyopasa. Maka alikuwa ng'ambo ya ua anachonga mpini ambao haukuhitaji kuchongwa. Hatukusikia kitu ila sauti ya Elenoa ikisoma, kisha kimya, kisha ikisoma. Kimya kimoja kilikuwa kirefu mno. Hamoni akainuka nusu. Nikamgusa bega. Shangazi anaruhusiwa. Akakaa.

"Shangazi," akasema, akitazama njia, "ikiwa ni refu?"

"Basi atajua mtu."

"Si mimi."

"Si wewe wala mimi. Mtu."

Elenoa alitoka jua likiwa limeshapita utosi. Karatasi ilikuwa imefungwa, ameibana kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema atawapigia simu wakubwa wake leo leo, si mwisho wa mwezi, na kwamba yule mshauri aliyeko Ha'apai aje Vava'u kabla hajafanya jambo lingine lolote. Hakusema zaidi, nami nilimshukuru kwa hilo.

Niliingia kwanza. Maganda yalikuwa bado kwenye mkeka katika mafungu matatu. Nilichukua nusu ya blanketi ya Lisiate nikaitupa juu yake kabla macho yangu hayajafika. Kisha nikaingiza mikono chini ya blanketi, nikayachanganya yote. Fusi alinitazama nikipapasa kama kuku anayetaga, akaanza kucheka, kile cha kifuani. Sijakisikia tangu Mei. Hamoni mlangoni akafuta uso kwa mkono wa shati.

Elenoa alipokuwa anaondoka nikamuuliza ile karatasi ya Lisiate iko wapi.

"Ofisini, mama. Ulisema tuiache. Umebadili? Naweza kuitoa, naweza kuifuta kabisa."

Nilifikiri. Ikifutwa, ni kama hakuulizwa. Na yeye aliulizwa, akakaa pale, akatazama ule uzi ulioachia, akanilinda mara ishirini.

"Usifute hata neno," nikamwambia. "Ila pembeni ya kila salama andika: dada yake alikuwamo chumbani."

Akaandika hivyo kwenye kiganja chake kwa kalamu, ili asisahau.

Julai 18, Alhamisi

Tumefunga vanila ya mwisho. Fusi anafunga uzi kwa meno. Mchungaji alipita njiani, na ganda fupi nene likawekwa mbele yangu. Nilicheka, ingawa nina cheo cha shangazi.

Elenoa alirudi kabla ya ndege yake. Kumbe awamu hii kuna karatasi ya walezi, na waliofiwa nao wanahesabiwa. Akauliza kama nitajibu. Nikasema nitajibu. Vea alikuwa ameshakaa, amekunja miguu, anatuandalia machungwa.

"Wifi, toka nje," nikasema.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Nikusaidie tu kukumbuka."

"Toka, Vea."

Alitoka na machungwa yake, akinung'unika kuwa nyumba hii sasa imekuwa ya polisi. Nilishusha pazia. Elenoa akageuza ukurasa, akasoma swali la kwanza.

"Mama Lupe, usiku unalala vizuri?"

Nilikawia. Hakuna aliyejibu kwa niaba yangu.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Silali."